Bilauri ya Mkono wa Kushoto

Bwana mmoja wa serikali, kutoka mjini ng'ambo ya maji, alifika karakanani kwetu Murano, kisiwa cha mafundi wa kioo, asubuhi ya Jumatatu. Akafungua sanduku lililojaa majani makavu, akatoa bilauri moja, akaiweka kwenye meza ninayopakia rangi vyombo.

"Imetoka Anversa, mji wa mbali huko kaskazini," akasema. "Kuna mtu wenu kule anafundisha wageni kazi yetu. Nataka jina lake tu."

Jina tu! Utadhani anauliza bei ya samaki mkunga sokoni. Kisiwa kizima kilijua maana yake. Fundi wa kioo haruhusiwi kuhama. Akitoroka, anaitwa arudi. Akikaidi, anafuatwa na mtu mwenye kisu. Na kaka yangu Anzolo alikuwa ametoroka, huo ukiwa mwaka wa nne, wala hatukujua aliko.

Nilijua ni yake hata kabla bwana hajaiachia. Ndani ya shina mlikuwa na nyuzi nyeupe zilizosokotwa kuelekea kushoto. Anzolo ni wa mashoto. Baba alimchapa utotoni mpaka fimbo zikaisha, na mkono haukubadilika.

"Si ya mtu wa kwetu," nikasema.

"Una hakika, binti?"

"Bwana, napaka rangi vyombo tangu nina miaka tisa. Mkono huu siujui."

"Na kaka yako je?"

"Anzolo?" Nikacheka, Mungu anisamehe. "Yule hata bakuli la mbwa lilimshinda. Alikimbia aibu."

Baba, Fundi Jacomo, alikuwa ametupa mgongo, bomba lake la kupulizia limo tanurini. Miaka minne hakuwa amelitaja jina la mwanawe. Nikamshukuru Mungu kwa ukaidi wa baba.

Bwana aliniamini. Naapa aliniamini, maana alianza kurudishia majani sandukuni. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Nami niliona. Kazi ya mlevi hii. Shina limekwenda upande."

Baba akageuka.

"Mlevi?"

"Baba, kioo chako kitaungua. Rudi kazini."

"Mlevi, ati! Hebu lete hapa." Akamnyang'anya bilauri, akaiinua dirishani. "Sikiliza, wewe usiyejua hata kushika bomba. Unachota kioo, unakibingirisha juu ya bamba mpaka kitulie. Ndipo unapuliza. Pumzi ya kupoza uji wa mtoto, siyo ya kuwasha kuni! Shina unalivuta bado jekundu, unalisokota kabla hujamaliza sala ya Baba Yetu. Umeileta kwa mkokoteni, umevuka nayo milima, sivyo? Imepasuka?"

"Haikupasuka, mzee."

"Unajua kwa nini? Kioo hakifi kwa moto, kinakufa kwa haraka. Wenzetu wanapoza usiku mmoja, asubuhi wanauza, wiki ijayo mteja anasikia ta! kabatini. Hii imekaa katika tanuri la kupozea siku mbili, inasogezwa mbali na moto shubiri kwa shubiri. Nani ana subira hiyo? Mmoja tu duniani, na nilimfundisha mimi!"

"Baba, nyamaza!" Nikamvuta aproni mpaka ikachanika.

Machozi yalikuwa yakimtoka kwa furaha. Akanitazama, akaitazama bilauri, akanitazama tena. Ndipo rangi ikamtoka usoni.

"Ahsante, fundi," bwana akasema. Akaichukua bilauri mkononi mwa baba taratibu.

Baba akamfuata mpaka gatini bila kofia. "Mimi mzee, bwana. Naropoka. Macho yangu yamekwisha, muulize yeyote." Bwana akapanda mashua. 

Husemwa mdomo huponza kichwa. Mdomo wa baba uliponza kichwa cha mwanawe. Nilimchukia, sifichi. Tukala meza moja miezi mitano bila salamu.

Mwezi wa sita bwana akarudi na sanduku lile lile. "Sasa hii ni yenu," akasema, akaiweka mezani. "Poleni."

Baba akauliza, "Aliteseka?"

"Sikuwepo, mzee."

Alipoondoka niliinyanyua bilauri niipasue sakafuni. Mkono ulifika juu kabisa. Lakini lile tumbo lake lilitanuliwa na pumzi ya Anzolo, na sikuwa na kitu kingine chake. Hatukupewa hata kaburi. Nikaishusha, nikaifuta.

Baba hajashika bomba tena tangu siku ile. Kila Jumapili naijaza bilauri divai, naiweka mbele yake.

"Kunywa, baba. Si kazi ya mlevi."

Hajaigusa hata siku moja. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na bilauri haina ufa.