Kisogo cha Mama

Fundi cherehani alilipa kiingilio, akabandikwa kifuani karatasi ya kijani iliyoandikwa MGENI, akaingia na watalii wenzake katika hoteli kongwe ya ufukweni, fahari ya mji ule. Mtembezaji aliwaonyesha ukumbi wa dansi na mabafu ya marumaru. Fundi hakubakiza kitu bila kukikagua. Hata makabati aliyafungua. Mama yake alitandika vitanda humu, akafia kazini yeye akiwa bado ananyonya, na hakuacha hata picha moja. Mama mdogo alimwambia, "Mamako yuko kulekule. Nenda kamwone, usije ukafa na hamu yako."

Na kweli alikuwepo. Ghorofa ya pili, marehemu wanne walikuja koridoni wamebeba mashuka. Walipowaona wageni wakageukia ukutani, wakasimama kimya. Watalii wakapiga picha visogo.

Fundi alimtambua mama yake kwa masikio, yaleyale makubwa ambayo yeye huyaficha chini ya kilemba.

"Mama," aliita. Masikio yalicheza, uso haukugeuka.

"Mtumishi haonyeshi mgeni uso," mtembezaji alimweleza. "Ndiyo sheria ya hoteli."

"Si hoteli ilishafungwa?"

"Ilifungwa, dada. Sheria hakuna aliyeifuta."

Fundi aliumia, lakini kuuliza si ujinga. "Na wao kwa wao?"

"Wao wanaonana. Si wafanyakazi wenzao?"

Basi akabandua karatasi yake, akashuka kwa msimamizi wa usafi, akaomba kazi. Msimamizi alimpa aproni na ndoo. "Ukiona wageni, ukutani," alimwambia, akaendelea na chai yake.

Aliporudi juu, mama yake alikuwa anakuja, uso umezama nyuma ya rundo la mashuka. Kabla hawajakutana vizuri, kundi jingine la watalii likatokea ngazini. Mama akageukia ukuta. Fundi naye akageuka, bega kwa bega naye.

Hapo mama akalaza shavu kwenye chokaa, wakatazamana. Alikuwa binti mbichi, mwenye kidoti kidevuni. Mtu angedhani fundi ndiye aliyemzaa. Fundi alifurahi mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," alinong'ona.

"Nyamaza, mwanangu. Wageni wanapita."

Wakanyamaza wote wawili, mashavu ukutani, wakitazamana. Kwa bahati nzuri, wageni hawakuwa na haraka.