Chupa ya Chai Iliyopanda Ndege

Likizo ya mumewe ilipoahirishwa tena, Fundi hakulia. Alivua tepu ya kupimia shingoni, akaitundika kwenye cherehani, akamtangazia wifi yake, kwa uzito wa mtu anayetangaza msiba, kwamba jioni ile angetengeneza kile kinywaji mwenyewe.

"Kipi tena, wifi?"

"Cha kaka yako."

Kaka mtu alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja kubwa ng'ambo. Kabla hajaondoka, kila Jumamosi alimchanganyia mkewe kinywaji kimoja: wiski ya Kiskoti, kileo cha cheri, divai tamu ya viungo na juisi ya chungwa, vyote sawa kwa sawa. Kisha wakakaa mlangoni, glasi moja, midomo miwili. Sasa Fundi alikuwa ameanza kuisahau ladha ile, na hilo lilimtia hofu kuliko umbali wenyewe. Leo ladha, kesho sauti. Mwishowe angebaki na picha ya ukutani yenye masharubu.

Basi vifaa vikapangwa mezani kwa heshima zote, katikati ya vifungo na nyuzi. Wifi aliteuliwa, bila kupigiwa kura, kuwa mkamuaji wa machungwa. Fundi akapima wiski, akapima cheri, akapima divai, jicho moja kalifumba kama anayetunga uzi sindanoni. Akatia barafu kwenye kikopo kipya cha bati alichokinunua makusudi, akakitikisa mpaka bangili zikalalamika.

Wakaonja.

"Kitamu," alisema wifi. "Kama dawa ya kikohozi ya watoto wa matajiri."

"Sicho."

"Sicho vipi? Si rangi ndiyo hiyo hiyo?"

"Hata wewe una pua ya kaka yako. Nikuoe?"

Akarudia. Akaongeza chungwa, akapunguza cheri. Wifi, aliyekuwa akionja kwa moyo wa kujitolea, alianza kuona kila glasi ni bora kuliko iliyotangulia, na ushahidi wake ukakataliwa. Hatimaye Fundi akameza kiburi, akapiga simu, akaiweka spika.

Mumewe alikuwa kaunta, akifuta glasi kabla wateja hawajaingia.

"Bosi, ulikuwa unatia nini kingine?"

"Vinne tu, Fundi. Naapa."

"Mwongo mkubwa!"

"Hata mimi huku nakitengeneza, kwa vyombo vinavyong'aa kama kioo. Wateja wanasifu. Nikionja mwenyewe, naona kimepungukiwa. Nikasema labda ni wewe."

Wifi akajifanya anatapika. Fundi akamrushia ganda la chungwa.

"Nyumbani ulikuwa unatikisia kwenye nini?" akauliza ghafla.

 Mumewe akaanza kucheka taratibu. Nyumbani hawakuwa na kikopo cha bati. Alikuwa akitikisia kwenye chupa ya chai, ile ya chuma iliyobonyea ubavuni, ambayo ilikuwa imenywa chai ya tangawizi miaka na miaka mpaka sabuni ikasalimu amri.

Fundi alikuwa ameshafungua kabati. "Mbona siioni?"

"Ninayo mimi, iko hapa chini ya kaunta. Si wewe uliyenifungia chai ya safari?"

Fundi akafunga kabati polepole, akakaa.

"Tikisa," alisema.

"Meneja akinikuta..."

"Nimesema tikisa."

Akasikia kizibo kikilia, barafu ikidondoka, kisha ule mlio mzito wa Jumamosi, ambao hakujua kwamba bado anaukumbuka. Akafumba macho yote mawili. Mlio ukakoma. Mtu akameza. 

"Ndicho?" Fundi aliuliza.

"Ndicho." Sauti ilikuwa nyembamba, kama imetoka chini ya meza.

"Mwambie aitume!" wifi alirukia. "Atafute mtu anayekuja huku, ampe hata kesho!"

"Niitume, Fundi?"

Fundi aliitazama meza yake: machungwa yaliyokamuliwa, kikopo kipya cha bati, glasi ya kinywaji ambacho sicho.

"Isitumwe," alisema. "Ije na mwenyewe."

Kisha akaisukuma glasi upande wa wifi yake. "Haya, kunywa dawa yako ya kikohozi."