Sauti ya Philomène Kwenye Bafle

Philomène alifariki kwa ugonjwa wa moyo, na kesho yake asubuhi ua wa nyumba yao katika mtaa wa Panda ukajaa viti vya plastiki. Mumewe, Joachim, alikalishwa kwenye mkeka chini ya turubai. Watu walimshika mkono, wakalia. Yeye aliiangalia tu mikono yao. Hakusikia uchungu wala njaa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza bafle, yale makasha makubwa ya spika, na ampli za kukuzia sauti, za makanisa na za baa. Siku hiyo vyombo vilipangwa na Cédrick, mdogo wa marehemu, aliyefunga bafle nne kwenye ampli moja ili mtaa mzima usikie. Akaweka rekodi ya kwaya: Philomène akiimba peke yake.

Ilikuwa sauti yake, lakini yenye shimo katikati. Kila ilipopanda, ampli ilikwaruza.

Joachim akasimama.

"Unaenda wapi?" Emérance, dada mkubwa wa marehemu, akamshika shati. "Mufiwa hatoke pa mukeka!"

"Yaya, sauti iko mubaya." Akamgeukia shemeji yake Cédrick. "Beau, ni weye ulibadirisha spika za kidogo?"

"Ni minye. Za zamani ziliungua."

"Uligeuza waya. Filtre inagawanya sauti: ya chini inaenda ku spika mukubwa, ya juu ku kidogo. Pale katikati zote mbili zinaimba pamoja. Sasa moja inasukuma, ingine inavuta, zinauana. Na Philo anaimbia pale pale."

Alifungua bafle mbili, akageuza waya za spika ndogo. Nyingine mbili akazitoa kabisa. "Bafle ine ni muzigo mingi. Ampli inashindwa, inakata sauti vichwa."

Cédrick akaanza tena wimbo.

Safari hii Philomène alikuwa pale, kama amesimama kati ya zile bafle. Wanawake waliokuwa wamenyamaza wakapiga yowe. Emérance akapiga magoti. Joachim alisikiliza: hakuna mkwaruzo, hakuna shimo. Kisha akasikia kitu kingine. Kabla ya kila mstari, mkewe alivuta pumzi fupi, ya haraka, kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Hii mulirekodi lini?"

"Pasaka," alisema Cédrick.

Miezi mingi kabla ya daktari kusema lolote. Joachim alitikisa kichwa, akapunguza sauti kidogo, akarudi kwenye mkeka.

Walimzika mchana. Waliporudi, Emérance alimletea bukari, ugali wa kwao, na samaki, akakaa kando yake. Joachim alikula tonge moja, halafu jingine, bila kusikia ladha.

"Lia basi, Joachim."

"Haitoke, yaya."

"Alikuwa anakosa pumzi, eh? Na minye nilisikia leo."

"Ndiyo."

Emérance akalia, bega lake likigusa bega la Joachim. Yeye aliendelea kula, polepole, mpaka sahani ikawa tupu.