Hodi Kwenye Namba Kumi na Mbili

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeingia ndani ya seva ya hospitali yetu, na mlangoni nikaambiwa nivue viatu. Nikavua.

Siku mbili nzima nilikuwa nimehangaika na seva hiyo. Ni kompyuta moja, lakini ndani yake zinaishi mashine pepe nne, yaani kompyuta za programu tu, kila moja ikidhani ina nyumba yake peke yake. Ile ya maabara ilikuwa inapotea mtandaoni na kurudi, inapotea na kurudi. Nilibadilisha waya, nikazima, nikawasha. Wapi! Na leo saa nne kuna mama wa kufanyiwa upasuaji, damu yake ya kundi adimu, na orodha ya wachangiaji imo humo humo.

"Fundi Twilumba," Sista Atukuzwe wa wodi ya wazazi aliniambia jana jioni, "mimi nitamwambia nini daktari?"

Nikaizima na kuiwasha tena. Nikaenda kulala.

Basi, nimo ndani ya seva, miguu mitupu. Waya wa bluu unanitazama kwa kinyongo.

"Umenichomoa mara sita," unasema. "Nilikuwa mzima."

"Samahani."

"Mwulize Daraja."

Daraja liko mbele yangu, lakini halina mbao wala chuma. Naona hewa tu.

"Nimeandikwa kwa programu, sikujengwa," Daraja linasema. "Pita."

Napita. Linanibeba vizuri.

"Wote wanavuka salama hapa," linaniambia nikiwa katikati. "Isipokuwa barua za namba kumi na mbili. Zikifika ng'ambo, mara anapokea huyu, mara anapokea yule."

"Yule nani?"

Daraja linakwisha. Niko kwenye uwanja wa kuanikia mashuka ya hospitali, jua limewaka, na mbele yangu kuna mlango wenye namba kumi na mbili.

"Hodi!"

"Karibu!" Sauti mbili, kwa pamoja.

Wanatoka wanawake wawili waliovaa makoti meupe. Sura moja, kidoti kimoja shavuni.

"Mimi ndiye Maabara," anasema wa kwanza.

"Mimi ndiye Maabara," anasema wa pili.

Hapo nikakumbuka, na aibu ikanishika. Wiki iliyopita nilitengeneza nakala ya mashine ile, iwe ya akiba, nikaizima. Juzi umeme ulikatika. Uliporudi, seva iliamsha kila aliyemo, na nakala nayo ikaamka, ikiwa na anwani ile ile ya mwenzake, namba kumi na mbili.

"Nani amejiandikisha kuchangia damu jana?" nikauliza.

Wa kwanza akakunja uso. "Jana? Kwangu mimi leo ni Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Obadia Ngailo," akasema wa pili. "Fundi baiskeli. Kundi lenyewe hasa."

Wa kwanza akakaa kizingitini. "Kwa hiyo mimi siyo mimi?"

"Dada, wewe ni wewe," nikamwambia. "Namba tu ndiyo siyo yako. Nitakupa kumi na tatu."

"Kuna jua?"

"Kutwa nzima."

"Na kazi yangu?"

"Kupumzika, mpaka mwenzio augue."

Akafikiri. "Hiyo naiweza," akasema, akaanza kukusanya mashuka.

Nikaamka. Saa kumi na mbili kasoro. Nikafungua kompyuta kitandani, nikaingia kwenye seva. Kweli, mashine mbili, anwani moja. Nikaizima nakala, nikaipa namba kumi na tatu, nikabisha hodi kwa ile ya maabara. Ikaitika kila mara, bila kukosa.

Nikampigia Sista Atukuzwe.

"Imefunguka!" akasema. "Asante Mungu. Ngoja nitafute, kuna wa jana..."

"Obadia Ngailo," nikasema. "Yule fundi baiskeli."

Nikamsikia akibofya.

"Jina ndilo," akasema. "Lakini hapa pana jina, kundi na simu tu. Kazi yake haijaandikwa. Unamfahamu?"

"Hapana, Sista. Mpigie."

Nikavaa, nikaenda hospitali. Saa moja na nusu akaingia mtu mfupi, mpole, akauliza mgonjwa anaendeleaje, kisha akakunja shati na kunyoosha mkono juu ya meza. Kucha zake zote zilikuwa nyeusi kwa grisi ya mnyororo.