Mdhamini Mwenye Haya za Ukweni

Huo ulikuwa mkutano wa tatu wa kumtoa Mzee Nyamhanga, na Eufrasia alikuwa amechoka naye mpaka basi. Mkutano wa kwanza, notisi ilipungua siku mbili. Wa pili, watu hawakutimia. Jamani! Kumtoa mzee mmoja kwenye karatasi, kazi kama kung'oa kisiki cha mkwaju!

Jambo lenyewe halikuwa gumu. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kampuni moja ya Bunda ilikopa kwa watu wa Murangi na Mwigobero, ikawapa hati, na mashine zake zikawa rehani. Nyamhanga, mwalimu mstaafu wa Butiama, akawekwa kuwa mdhamini wao: kampuni isipolipa, yeye ndiye wa kuzikamata mashine. Haikulipa mwaka mzima. Sasa kampuni yenyewe ilikuwa inazifungua mashine nati, Jumatatu zipakiwe zikauzwe Shinyanga. Na Eufrasia alikuwa ametumbukiza humo fedha za mtumbwi na nyavu zote alizoachiwa na marehemu mumewe.

"Mzee, barua moja tu imekushinda?" aliuliza Eufrasia.

"Mama Getruda, Mseti, meneja wa kampuni, kaoa binti yangu. Nitamdaije mkwe? Hata njiani huwa nampishaga."

"Kwa hiyo sisi haya zako tulie ugali?"

Watu wakacheka. Yunusu, karani wa wakili, akajumlisha kura: wenye robo tatu ya deni wamekubali, imepita. Nyamhanga ametoka. Mzee akashusha pumzi. "Asanteni. Nilikuwaga nangoja tu mnitoe."

"Si ungejiuzulu!"

"Nikijiuzulu ni kama nimemwambia mkwe wangu ni mwizi."

Eufrasia nusura amrushie kandambili.

"Bado," alisema Yunusu. "Hati inasema wa zamani hatoki mpaka mpya aingie. Nani?"

"Si ni huyo hapa mwenye mdomo," alijibu Siwema, muuza vitenge, na wote wakamgeukia Eufrasia. Akaivuta kalamu. Hapo Nyamhanga akakohoa.

"Mama Getruda, mdogo wake Mseti si analeta ng'ombe wa mahari kwako Jumamosi?"

Ilikuwa kweli. Binti yake Getruda alikuwa ameshashona gauni, siku hizi akiimba hata anapoosha vyungu. Ng'ombe wale wakiingia zizini, Mseti naye angekuwa mkwe, na mdomo wa Eufrasia ungefungwa vilevile.

"Siwema, chukua wewe."

"Sijui kusoma, dada."

Akawatazama wengine mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa anaangalia miguu yake. Loo, watu hawa!

"Yunusu, andika barua mbili. Ya Mseti, asiguse hata nati moja. Ya mdogo wake, ng'ombe wabaki kwao."

"Na Getruda?" aliuliza Nyamhanga.

"Nitamwambia mwenyewe."

Akatia sahihi ya udhamini kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Alipoiweka kalamu chini hasira yote ilikuwa imemwisha, na alichobaki nacho ni woga wa kurudi nyumbani.