Motisha ya Madam Dafroza

Mwaka ule mradi mmoja wa elimu ulitangaza motisha: wastani wa shule katika mtihani wa darasa la saba ukifika kiwango walichoweka, mwalimu mkuu na msaidizi wake watapata mishahara miwili ya ziada. Shule yetu iko upande wa Nyegina. Mwalimu mkuu alikuwa Madam Dafroza Maige, mimi msaidizi wake.

Nikapiga hesabu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanatuvuta chini. Wengi walikosa shule kila dagaa walipopatikana, maana nyumbani wao ndio waanikaji.

"Madam, hawa tuwarudishe la sita," nilimwambia. "Hakuna atakayeuliza."

Alisoma majina yote. "Na Nyangi umemweka?"

"Anakujaga siku mbili tu kwa wiki."

"Basi tatizo letu ni zile siku tatu, Mwalimu Mugeta."

Asubuhi yake alikwenda mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapoteremsha dagaa, akaongea na wazazi mmoja mmoja katikati ya dagaa walioanikwa. Hakumgombeza mtu. Aliomba tu watoto waachiwe mpaka mtihani upite, na wengi walikubali. Kuanzia hapo kila siku baada ya vipindi aliwafundisha Kiswahili, nami nikawafundisha Hisabati. Mwanzoni nilikwenda kwa aibu tu.

Kati ya wale kumi na mmoja, saba walifaulu. Wastani wa shule ulipanda, lakini haukufika kiwango. Alama mbili tu zilipungua. Motisha ikaenda kwa shule moja ya Bunda. Tuliitwa Musoma kushuhudia wenzetu wakipongezwa. Mimi nilikaa nimenuna. Yeye alipiga makofi, halafu akamfuata mwalimu mkuu wa ile shule, akamuuliza wanafundishaje kusoma, akaandika kila alichoambiwa.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Madam, huumii?"

"Naumia. Nilitaka kumaliza ada ya Brenda wangu chuoni. Ila Nyangi anakwenda sekondari. Ningemwangaliaje mama yake?"

Wiki hiyo nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho kwenda Butiama, karibu na kwetu. Sikuipeleka. Nilitaka kufanya kazi na mama yule miaka mingine kadhaa, hata bila motisha.