Wifi Alipokuja na Injini

Siku ya nne baada ya mume wangu kupasuliwa ngiri, nilimkuta uani ameinama, ameshika kamba ya kuwashia mashine ya kukatia nyasi, jasho linamtiririka.

"Nilikuwa naijaribu tu," alisema.

"Jaribu kurudi kitandani," nikamwambia, nikamshika mkono na kumrudisha ndani.

Mashine ilikuwa imekufa siku moja kabla hajalazwa. Chuma cha ndani kilikatika kikatoboa ubavu wa injini, oili yote ikamwagikia kiwanja cha shule. Kwa miaka kumi na minane alikuwa akikata nyasi za shule ile kwa kuisukuma mashine hiyo hiyo. Bodi ilikuwa nzima, magurudumu mazima, mpini umenyooka. Injini tu ndiyo iliyokwisha. Mwalimu mkuu alituma salamu za pole, akaongeza kwa upole kwamba nyasi zimefika magotini na Ijumaa wazazi wanakuja. Tangu hapo mgonjwa wangu hakupata usingizi. Nikiinamia cherehani kidogo tu, nikiinua kichwa kitanda ni kitupu. Na daktari alishatuonya: akivuta au kunyanyua kitu kizito, nyuzi zitaachia.

Basi nikampigia wifi yangu, dada yake mkubwa, fundi wa pampu za maji ambaye watu wote wanamwita Spana. Sikupiga kwa furaha. Tangu niolewe, mimi na yeye tulikuwa watu wa salamu na kwaheri. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba mdogo wake ameoa sindano: nyembamba na inachoma. Lakini shida haichagui mlango wa kubisha.

Jumatano asubuhi alifika na gunia begani. Ndani yake mlikuwa na injini aliyoipata kwa mtu ambaye mashine yake ilioza bodi, injini ikabaki nzima.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Yupi, wa kitandani au wa uani?"

Akacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumchekesha kabla ya siku ile.

Tuliing'oa injini ya zamani kwa taabu, bolti zimeshikana kwa kutu, moja ikakatika kichwa. Tulipoiweka mpya, katika matundu manne ya bolti mawili tu ndiyo yaliyokutana. Spana akachukua drili, akafumba jicho moja, akaanza kukadiria.

"Ngoja, wifi," nikasema. "Ukikata kwa kukisia, nguo haivaliki."

Nikaleta karatasi ninayokatia mitindo, nikaibandika chini ya injini, nikachora kila tundu kwa penseli. Kisha nikaitandaza juu ya bodi na kuweka alama. Akatoboa palepale nilipoonyesha. Bolti zikaingia bila kusukumwa.

Tukapindua mashine kufunga kisu, na hapo furaha yetu ikaingia mchanga. Mhimili wa injini hii, ule unaozungusha kisu, ulikuwa mrefu kuliko wa kwanza, kwa hiyo kisu kilining'inia chini ya ukingo wa bodi.

"Hiki hakitakata nyasi," alisema Spana. "Kitalima."

Nikapima: sentimita moja na nusu. Akakata vipande vinne vya bomba la chuma kwa kipimo hicho, tukafungua bolti zote, tukaweka kipande kimoja chini ya kila mguu wa injini na kufunga kwa bolti ndefu zaidi. Injini ikapanda, kisu nacho kikapanda pamoja nayo, kikajificha ndani ya bodi kama inavyotakiwa.

Ilikuwa karibu adhuhuri. Spana alimimina petroli, akakaza plagi, akaweka mguu juu ya bodi na kushika kamba.

"Oili umetia?" nikamuuliza. Mimi cherehani yangu siigusi kabla sijaitia mafuta.

Akachomoa kijiti cha kupimia. Kilikuwa kikavu kabisa. Akakiangalia, akaniangalia, kisha akakaa juu ya ndoo.

"Wifi," alisema polepole, "nimefunga injini za pampu miaka ishirini. Hii ningeiua leo kwa mkono wangu."

"Hujaiua. Tia oili."

Akatia. Alipovuta mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ikakohoa, ya tatu ikatoa moshi ikazima. Mara ya nne ikashika, ikanguruma mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Sote wawili tulipiga kelele kama watoto.

Dirisha la chumbani likafunguka, kichwa cha mume wangu kikatokeza. Akasikiliza kwa muda.

"Mbona haitetemeki?" akauliza. "Ya zamani ilikuwa inatetemeka."

"Tukurudishie ya zamani?" Spana akamjibu.

Akatabasamu, akafunga dirisha.

Alhamisi tulikata kiwanja chote sisi wawili, kwa zamu, yeye akinikosoa kwenye kona na mimi nikimkosoa kwenye mistari. Tuliporudi, miguu imejaa majani, mume wangu alikuwa amelala chali, kinywa wazi, anakoroma. Tukarudishia mlango taratibu, tukakaa barazani kunywa chai. Mwili wangu ulikuwa mwepesi ajabu. Spana alianza kunisimulia utoto wa mdogo wake, na mimi nikamwongezea chai ili asimalize upesi.